Udongo wa Chungu cha Ndani Haupaswi Kutupwa Baada ya Mavuno

Kuna jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu miongoni mwetu tunaolima bangi ndani ya nyumba kwa njia za asili, nalo ni mazoea ya kuchanganya udongo kwa uangalifu mkubwa, kuusubiri uive kwa majuma kadhaa, kuotesha mimea ndani yake kwa miezi mitatu au minne, kisha kuumwaga nje siku ileile vishada vya maua vinapotundikwa vikauke. Anayefanya hivyo hujiita mkulima wa udongo hai, yaani udongo ambao viumbe wake wadogo ndio wanaoulisha mmea, na mboji yake huenda ikawa nzuri kweli, lakini kwa maoni yangu anaukatisha udongo uhai wake pale hasa ulipokuwa unaanza kupata nguvu. Udongo wa mavuno ya kwanza ni mchanganyiko wa viungo tu. Udongo wa mavuno ya nne ndio unaostahili kuitwa hai.

Ninazungumza na watu walio mahali ambapo sheria inawaruhusu. Uruguay ilipitisha sheria yake mwaka 2013, Kanada ikafuata Oktoba 2018, na Ujerumani tangu tarehe 1 Aprili 2024 inamruhusu kila mtu mzima kukuza mimea mitatu nyumbani kwake. Kwingineko kwingi mmea mmoja unaweza kumfikisha mtu gerezani, na simshauri yeyote ajaribu bahati yake. Mipaka hiyo ya idadi inagusa hoja yangu moja kwa moja: mwenye ruhusa ya mimea mitatu anatoshelezwa na vyungu vitatu vikubwa kwa miaka mingi, kwa hiyo hawezi kudai kwamba udongo umemshinda kwa wingi au kwa uzito. Na asiyeruhusiwa, au asiyetaka kabisa kuwa na bangi nyumbani, atakuta kwamba karibu yote nitakayosema yanafaa vilevile kwa nyanya, pilipili na mrehani chini ya taa.

Kinachoendelea ndani ya chungu ndicho kiini cha jambo lote. Gramu moja ya udongo wenye rutuba inaweza kubeba bakteria wanaofikia bilioni moja, na bakteria hao hawakai humo kwa bahati. Mmea unapotengeneza sukari majanini kwa nguvu ya mwanga, sehemu isiyo ndogo ya sukari hiyo huteremshwa hadi mizizini na kuachiliwa udongoni, jambo linaloweza kuonekana kama hasara mpaka mtu aelewe kwamba mmea unanunua huduma. Bakteria hukusanyika pale penye sukari, huongezeka, na katika kuongezeka kwao hunasa nitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya majani makavu na mboji. Kisha huja protozoa, viumbe wa seli moja, na nematodi, minyoo midogo mno, ambao huwala bakteria hao. Na kwa kuwa mwili wa bakteria una nitrojeni nyingi kuliko mahitaji ya mlaji wake, ziada hutolewa nje ikiwa amonia, pembeni kabisa ya mzizi uliolipa gharama ya karamu nzima. Eneo hilo jembamba linalozunguka mzizi lilipewa jina la rizosfia na Mjerumani Lorenz Hiltner mwaka 1904, na tangu siku nilipolielewa sijaweza tena kukitazama chungu kama chombo cha kushikilia mmea usianguke.

Kuvu za mizizi, ambazo wataalamu huziita mikoriza, zina hadithi ya namna hiyohiyo. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele wa mzizi, hupenya mahali ambapo mzizi haufiki, na hurudi na fosforasi ambayo mmea huilipia kwa sukari. Mbangi hushirikiana nazo vizuri. Lakini ushirika huo una masharti: mkulima akimwaga fosforasi nyingi iliyokwisha yeyuka, mmea huacha kulipa, kwa sababu hakuna anayenunua kitu anachopewa bure, nazo kuvu hudhoofika. Hii ndiyo sababu siamini njia ya katikati ambayo wengi huipenda, ya kutayarisha udongo hai na kisha kuunyunyizia mbolea ya chumvi, yaani ya viwandani inayoyeyuka majini, kila juma kwa kuhofia kwamba mimea itakosa chakula. Mwenye kutaka kulima kwa chumvi na alime kwa chumvi, na atavuna, tena pengine kwa wingi na kwa haraka kuliko mimi. Ninachokataa ni kulipia gharama za njia zote mbili na kupata faida ya nusu njia.

Sasa turudi kwenye kutupa. Mtandao wa nyuzi za kuvu, vijitundu vilivyoachwa na mizizi iliyooza, chembe za udongo zilizogandamana zikaacha nafasi ya hewa na maji, pamoja na jamii ya viumbe iliyokwisha zoeana, vyote hivyo hujengwa kwa muda, na haviuzwi kwenye mfuko. Anayemwaga udongo baada ya mavuno hurudi kila mara kwenye siku ya kwanza, wakati mboji mbichi inapotoa virutubisho kwa fujo na majani yanapokuwa ya kijani kizito kupita kiasi, kisha mwishoni analalamika kwamba udongo hai hautabiriki. Hautabiriki kwa sababu hajawahi kuupa nafasi ya kutulia.

Liko pia suala la viungo vyenyewe. Michanganyiko mingi ya vyungu hutegemea piti, yaani mboji ya kale inayochimbwa kwenye vinamasi vya nchi za baridi, ambayo hujijenga kwa kasi ya takriban milimita moja kwa mwaka. Vinamasi hivyo vimehifadhi kaboni nyingi mno, na kuvichimba ili tujaze vyungu vinavyomwagwa kila baada ya miezi minne ni matumizi ambayo nashindwa kuyatetea. Vumbi la makumbi ya nazi ni mbadala mzuri, mradi lioshwe chumvi yake na kuongezewa kalisi kwanza, ingawa nalo husafirishwa kutoka mbali. Njia pekee ninayoijua ya kupunguza deni hilo ni kununua mara moja na kutunza.

Mchanganyiko wangu ni wa kawaida kabisa: theluthi moja ni makumbi yaliyooshwa, theluthi nyingine ni mawe mepesi ya volkano ya kuingiza hewa, na theluthi ya mwisho ni mboji iliyoiva pamoja na kinyesi cha nyungunyungu. Juu ya hapo huongeza kiasi kidogo cha mashudu ya mwarobaini, unga wa mwani, unga wa magamba ya kaa, jasi na vumbi la mwamba wa basalti. Sioni haja ya kubishana juu ya vijiko, kwani ubora wa mboji hupita vyote hivyo. Mboji iliyopata joto la kutosha, ikageuzwa, ikapoa na kunukia kama msitu baada ya mvua, itafanya kazi hata pasipo mwani. Lakini hakuna unga wowote utakaookoa mboji inayonuka amonia.

Ukubwa wa chungu nao ni jambo ninalolisisitiza. Chungu cha lita 10 hukauka kwa siku moja, hupata joto na baridi kwa haraka, na viumbe wake hufa na kuanza upya kila mara, hivyo uhai wa udongo ndani yake ni wa jina tu. Natumia vyungu vya kitambaa vya lita 60, vilivyofunikwa kwa matandazo ya majani makavu na klova, mmea mfupi wa kutambaa, iliyooteshwa chini ya mmea. Chini ya matandazo wanaishi nyungunyungu, na msomaji anayeogopa kuwaweka viumbe hao ndani ya nyumba akumbuke kwamba Charles Darwin aliwafuga katika vyungu ndani ya chumba chake cha kusomea. Walipigiwa piano kwa sauti kubwa nao hawakujali, lakini chungu chao kilipowekwa juu ya piano hiyo waliuhisi mtikisiko wa noti moja na kukimbilia mashimoni mwao. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1881, baada ya kuwatafakari viumbe hao kwa zaidi ya miaka 40.

Maji ndiyo huua udongo wa ndani kuliko upungufu wowote wa mbolea. Udongo uliolowa kupita kiasi hukosa hewa, na panapokosekana hewa huingia bakteria wa aina nyingine, harufu hubadilika, mizizi hugeuka rangi ya kahawia, na vijidudu weusi wadogo wanaotaga mayai kwenye unyevu huanza kurukaruka chini ya taa. Mimi humwagilia kidogo kidogo, lita tatu hivi kwa chungu, na kuupima unyevu kwa kidole na kwa uzito wa chungu chenyewe. Maji ya bomba yenye klorini huyaacha wazi usiku kucha, lakini yenye kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayasaidiwi na kusubiri, hivyo huyatia vitamini C kidogo. Vijidudu wakija, bakteria wa aina ya israelensis wanaouzwa kwa ajili ya kuua viluwiluwi vya mbu huwamaliza funza wao bila kumdhuru nyungunyungu.

Nakiri kwamba kutunza udongo kwa miaka kunahitaji nidhamu ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuipata. Katika mizunguko yangu ya mwanzo niliamini kwamba kila mavuno yanaondoa kila kitu, kwa hiyo baada ya kila mavuno nilirudisha samadi na unga wa mifupa kwa ukarimu. Kufikia mzunguko wa tano majani machanga yalianza kuwa ya njano katikati ya mishipa, na kadiri nilivyoongeza mbolea ndivyo hali ilivyozidi kuwa mbaya. Nilipopeleka sampuli maabara, majibu yalionyesha fosforasi iliyopita kiwango mara kadhaa, nayo fosforasi ya namna hiyo huufanya mmea ushindwe kupata chuma na zinki hata kama vimo udongoni. Ilinichukua mizunguko miwili ya kuongeza makumbi matupu na majani makavu pekee kabla mambo hayajatengemaa. Tangu hapo siongezi chochote cha madini bila kupima, na kipimo kimoja kwa mwaka kinagharimu kidogo kuliko mifuko ya unga ambayo nisingeihitaji.

Kwa sababu hiyo nina mashaka na biashara iliyozuka kuzunguka udongo hai, ambayo kila tatizo ina chupa yake. Chai ya mboji, yaani maji ya mboji yaliyopulizwa hewa na kutiwa molasi, kwa mfano, husifiwa kama dawa ya kila kitu, ilhali imeonekana kwamba molasi hiyohiyo inaweza kuwaongeza bakteria wa kinyesi kama mboji haikuwa safi, na kwa mmea ambao maua yake huvutwa au kuliwa hilo si jambo dogo. Safu ya sentimita mbili ya mboji juu ya udongo hunitosha.

Kuna tahadhari ambayo kwa bangi ina uzito zaidi kuliko kwa mimea mingi. Mmea huu hufyonza metali nzito kwa urahisi, kiasi kwamba aina yake inayolimwa kwa ajili ya nyuzi za nguo na kamba imewahi kujaribiwa katika kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Kadimi na risasi zikiwa ndani ya vumbi la mwamba, unga wa mwani au mboji ya mjini, zitaingia kwenye maua, na katika udongo usiotupwa zitaendelea kujikusanya mwaka hadi mwaka. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya msimamo wangu, na jibu langu ni kwamba kila kiungo kinunuliwe kwa muuzaji anayetoa cheti cha maabara, na kwamba metali ziwemo kwenye kile kipimo cha mwaka.

Wala udongo hai hautufanyi watakatifu wa mazingira. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walikadiria kwamba kilo moja ya maua makavu yaliyokuzwa ndani nchini Marekani husababisha hewa ukaa ya kati ya kilo 2,283 na 5,184, kutegemea mahali, na sehemu kubwa hutokana na taa na mitambo ya kurekebisha hewa, joto na unyevu. Mboji haiwezi kulipa deni hilo. Mwenye bustani inayopata jua na sheria inayomruhusu kuitumia alime nje, na sisi tuliobaki ndani tusijisifu kwa klova yetu huku mita ya umeme ikizunguka.

Udongo unaostahili kutupwa upo: uliopatwa na ugonjwa wa mizizi usiokoma, uliosheheni chumvi, au uliopimwa ukakutwa na metali. Mwingine wote hubaki. Siku ya mavuno mimi hukata shina usawa wa udongo, huacha mizizi yote mahali pake, hutandaza mboji na majani ya mmea uleule yasiyo na kazi, humwagilia, kisha hufunika. Baada ya majuma mawili hupanda mche mpya sentimita chache kutoka kwenye kisiki. Mche unapofika urefu wa mkono, kisiki cha zamani hung'oka kwa vidole viwili, kikiwa kimelainika na kufunikwa na nyuzi nyeupe, na ndani ya tundu lake mara nyingi hukuta nyungunyungu wamekwisha hamia.