Acheni kununua kriki kwa kuhesabu tani

Nenda ku maduka ya Birere hapa Goma siku yoyote uulize kriki ya gari (ile chombo ya kunyanyua gari ukibadilisha pine), muuzaji hatakuuliza hata uko na gari gani, atakuchukulia ile kriki nyekundu yenye umbo ya chupa, ya kupompa, na kukwambia "Patro, beba hii, iko tani 20, inanyanyua hata Fuso". Na wewe unafurahi, unatoa dola zako, unaitupa ku kofre, unalala vizuri. Mimi naona ile namba ya tani njo kitu ya mwisho ya kuangalia, na kwa gari zetu za hapa Goma namba kubwa inaweza hata kukuzuilia kazi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Land Cruiser ya 70 ikiwa tupu iko tani 2 na kitu, RAV4 zile za kwanza hazifiki hata tani moja na nusu, tena ukibadilisha pine haunyanyui gari nzima, unanyanyua kona moja, zile pine zingine zinabakia chini zinabeba sehemu yao. Kriki ya tani 2 yenye iko mzima inatosha kwa Vitz, IST, Noah, zote hizo. Jeep yenye kubeba mizigo na watu ya kwenda Masisi, ipe ya tani 3 ao 4 na basi. Ile ya 20 ni ya kamyo, iachie wenye makamyo.

Sasa kitu yenye watu hawapimi: urefu. Kriki ya chupa ya tani 2 ya kawaida, ikiwa imeshuka yote, iko na sentimita karibu 18. Ya tani 20 inaenda mupaka 24 ao zaidi. Na pine ikitoboka gari inashuka, si ndiyo? Ile nafasi uliona chini ya gari ukiwa parking nyumbani, fasi pine imelala kabisa hauioni tena, gari ndogo inabakia na sentimita chache sana chini ya bodi, chupa yako ya tani 20 inasimama pembeni ya gari inakuangalia tu. Njo pale utaona mushofere ameanza kuchimba barabara na kle ya ru, ku mawe ya volkano, akisema kriki ni mubaya. Kriki haina kosa. Kwa gari ndogo ile ya mkasi, yenye inatoka na gari kiwandani, yenye unazungusha na mkono, watu wanaicheka lakini ikifungwa inashuka mupaka sentimita kumi hivi, inaingia popote, na kichwa yake imetengenezwa kukaa fasi sawasawa chini ya bodi. Shida ni kwamba gari zetu nyingi zinafika hapa zimeshapita mikono mingi na ile kriki imeshapotea njiani, basi tafuta ya aina ileile ya gari yako ku watu wa spea za okazyo, usiogope kwamba iko ndogo.

Kwa jeep ni kinyume, nafasi iko, shida ni kupanda. Ile chupa ya tani 2 yenye nimesema inaanza 18, pistoni inapanda kama 12, ile skrubu ya juu unazungusha na mkono inaongeza kama 5 hivi, inaishia 35. Ukiiweka chini ya shasi ya jeep yenye walipandisha resori, unapompa unapompa, bodi inapanda lakini ru inabakia chini, juu resori inajinyoosha kwanza, na kriki inaisha mbele pine iachane na udongo. Kriki ya jeep iweke chini ya esye (ile bomba ya chuma yenye inaunganisha ru za nyuma), pale hata sentimita kumi zinatosha juu ru inapanda palepale. Na kumbuka pine mpya yenye upepo inaomba nafasi kubwa kuliko ile ya kutoboka yenye unatoa, watu wanasahau hiyo, wanashusha na kupandisha mara mbili.

Halafu chini. Hapa tunaishi juu ya lava, ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na watu wakajenga juu yake, kwa hiyo barabara za kartye nyingi ni mawe tupu, na ukitoka mji upande wa Sake ao Rutshuru ukikuta mvua unakuta matope. Kriki yenye kikanyagio kidogo inakosa utulivu ku mawe na inazama ku matope. Dawa yake ni kipande ya mbao ngumu, sentimita 40 kwa 40, unene wa vidole vitatu hivi, ikae ku kofre na kriki, kwangu mimi hiyo mbao na kriki ni kitu kimoja, mwenye kununua moja bila ingine hajamaliza kununua. Lakini tafadhali usipange mawe ya lava chini ya kriki ili ipate urefu! Lile jiwe liko na matundu ndani, ukilikandamiza na chuma ndogo linapasuka bila kukuonya. Jiwe hilo weka ku ru zingine lizuie gari isiteleze, hiyo kazi linaiweza sana.

Kuna wenye wanapenda kriki ya Hi-Lift, ile ndefu ya watu wa maONG, inafungwa nje ya jeep inaonekana vizuri. Ni chombo ya nguvu kweli, inatoa gari ku matope, ila inaomba gari yenye pare-shoku ya chuma ngumu, na manche yake ikikuponyoka inarudi na nguvu ya kuvunja taya. Kwa pine tu, ku barabara ya lami, sioni sababu. Na ile ya magurudumu ya garaje ni nzuri ku sima, ku mawe yetu haitembei, iache garaje.

Mbele ya kulipa, omba wanyanyulie gari hapo hapo mbele ya duka, mtu asiingie chini, waiache juu dakika kumi. Kama inashuka polepole ao mafuta yanatoka ku pistoni, joe (ile mpira ya ndani yenye inazuia mafuta) imekufa, hata kama rangi ni mpya na tani zimeandikwa kubwa. Muuzaji akikatala kupima, Birere maduka ya kriki hayakosi.