Vyaelea, lakini nani kaviunda?

Fundi wangu ana karakana Maweni, hapa Malindi, na paa lake ni mwarubaini. Jioni moja mvua ilipoanza kunyunya tulijibanza ndani ya gari la mteja, tukafungua simu tutazame kipindi cha kufufua magari ya kale. Gari liliingia gereji likiwa mkweche, kutu imelila hadi sakafu. Ukapigwa muziki, na kabla kahawa yetu haijapoa lilikuwa linang'aa kama limetoka kiwandani asubuhi ile. Fundi akanirudishia simu yangu. "Na mtu wa msasa yuko wapi?"

Hilo ndilo wapenzi wa magari ya kale wanalozozania kuhusu vipindi hivi, ingawa wao hulisema kwa maneno mengi zaidi. Kuna wanaosema vinadanganya watu. Kuna wanaosema bila vipindi hivyo magari mengi yangeishia kwenye mzani wa vyuma chakavu. Wote wana haki, ila si kwa kipimo kimoja.

Malalamiko makali zaidi ni ya hesabu. Wheeler Dealers, kipindi cha Uingereza kilichoanza 2003, ni cha biashara: Mike Brewer ananunua gari, mwenzake analitengeneza, linauzwa, kisha faida inatangazwa. Bei ya kununulia imo, spea zimo, bei ya kuuzia imo. Saa za fundi hazimo. Kwa Mwingereza anayechezea gari lake mwenyewe Jumapili hilo si neno, jasho lake halimdai. Lakini hapa kwetu nani hujitengenezea? Gari hupelekwa kwa fundi, na siku hizi mteja huja na hesabu ya TV kichwani: spea nitanunua mwenyewe, wewe nifungie tu. Hiyo "tu" imevunja urafiki mwingi.

Najua kwa sababu nami niliitamka. Mjomba aliniachia pikapu ya Peugeot 504 aliyokuwa akibebea nazi na maembe. Gari hilo lina heshima yake Kenya. Lilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na kuna wazee mjini hapa ambao wakisikia mlio wake hugeuza shingo. Mimi niliona kutu kidogo tu chini ya mlango wa dereva, nikampa fundi siku tano. Akachukua bisibisi, akaigusisha pale palipovimba rangi, ikazama hadi mpini. Akachimbua fila, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ya rangi yake, na ndani kabisa akavuta karatasi iliyoshindiliwa kujaza tundu: kipande cha Taifa Leo, matokeo ya mpira yakisomeka nusu. Fundi aliyetangulia, sijui ni nani, aliziba bahari kwa gazeti. Zile siku tano zikawa 19.

Bahari nimeitaja makusudi. Magari mengi yanayofufuliwa kwenye TV za Marekani hutoka majimbo makame kama Arizona, ambako chuma kinaweza kukaa nje miaka na miaka kikapauka rangi tu. Malindi upepo wenyewe una chumvi. Chukua Land Rover za zamani, ambazo watu husema haziozi kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Ni kweli, bodi ni alumini, lakini chasi ni chuma na hushika kutu, na metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini nayo huanza kuliwa pale zilipogusana. Juu gari linaonekana zima, chini limekwisha. Magari ya viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni ndiyo usiseme. Kazi ya kukata chuma kilichooza na kuchomelea kipya ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo kipindi huipitisha kwa sekunde ishirini za cheche.

Sasa nivitetee, maana vina utetezi. Mengi ninayoyajua kuhusu karabureta na breki za zamani niliyapata kwenye hicho hicho Wheeler Dealers, enzi ya fundi wake Edd China. Yule bwana mrefu alikuwa akifungua kitu polepole, anakueleza kazi yake, anakuonyesha kilipoharibikia, kisha anakifunga. Nimeona vijana wa karakana, ambao Kiingereza chao ni cha kubahatisha, wakifuata mikono yake bila shida. Car SOS nacho, kinachoendelea tangu 2013, huchukua gari la mtu aliyepatwa na maradhi au msiba, likafufuliwa kwa siri, akarudishiwa. Wapo wanaonuna kuwa machozi ya watu yanafanywa biashara. Sikatai, muziki wao wa huzuni umezidi chumvi. Lakini fundi wao Fuzz Townshend akiingia chini ya gari unaiona kutu yenyewe, na unaona kwamba hayuko peke yake, kuna kundi la mafundi.

Faida nyingine haiko kwenye TV, iko kwenye macho ya watu. Mjomba angekufa miaka ishirini iliyopita, ile pikapu tungeiuza kwa kilo. Nilipoiburuta hadi karakana, jirani hakuniita mwendawazimu, aliniuliza kama nitairudishia rangi yake ya zamani. Hilo si jambo dogo kwa nchi ambayo gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likizidi miaka minane. Magari ya kale tuliyo nayo ni yale yaliyobaki, ukilikata moja huagizi jingine Japani.

Hapo ndipo ninapoachana kabisa na vipindi vya aina ya Fast N' Loud, cha gereji ya Gas Monkey kule Dallas, Marekani. Gari la kale kwao ni malighafi: punguza kimo, badilisha injini, ongeza kelele, piga mnada. Wana magari tele ya kuchezea. Sisi hatuna. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika Mkataba wake wa Turin, linashikilia kwamba kuhifadhi kunatangulia kufufua, yaani kilicho kizima kiachwe, na kipya kinapotiwa kijulikane kuwa ni kipya. Binamu yangu wa Lamu, ambaye usafiri wake wa kila siku ni punda na mashua, alinicheka nilipomsomea. Akasema jahazi hubadilishwa ubao mmoja leo na mwingine mwakani, likatiwa kalafati upya, na hakuna anayeuliza kama bado ni lilo hilo. Nikamjibu kwamba jahazi hubadilishwa na mtu anayelijua. Hakuridhika, na nikiri kwamba hoja yake bado inanisumbua, kwa sababu pikapu yangu sasa ina chuma kipya kingi kuliko nilivyopanga.

Ikiniangukia kuamua, basi, kosa la vipindi hivi silioni kwenye kung'arisha. TV ni tamasha, na hakuna atakayekaa siku 19 kutazama mtu akipiga msasa. Kosa ni kumtoa mfanyakazi kwenye picha na kwenye hesabu kwa pamoja, maana ukimwonyesha usipomhesabu, walau mtazamaji anaweza kukadiria mwenyewe. Na si kwamba waandaaji hawakujua. Machi 2017 Edd China alijitoa Wheeler Dealers baada ya miaka 13, akieleza kuwa Velocity, televisheni ya Marekani iliyokuwa imekishika kipindi, ilitaka maelezo ya kina ya gereji yapunguzwe, kwa kuwa ndiyo magumu kuyatengeneza. Mashabiki walikasirika sana. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Pale tulibakiziwa kuelea.

Mtu wa msasa kwenye karakana ya fundi wangu ni kijana wa miaka ishirini na kidogo. Hukunja msasa wa maji mara tatu, akauchovya kwenye ndoo, akaanza kuzungusha, na kila mara hufumba macho na kupitisha kiganja kwenye bati, kwa kuwa mkono husikia kibonde ambacho jicho halikioni. Nilimrekodi mfululizo kwa dakika hamsini, hadi simu ikajaa. Video hiyo nimewaonyesha watu watatu. Wawili waliniuliza inaisha lini. Wa tatu ni fundi bodi wa mtaa wa Barani, yeye aliuliza msasa ule ulikuwa namba ngapi.