Ufa wa Suswa: bara linapasuka, au maji yamekula udongo?

Machi 2018, mvua kubwa ilipoikata barabara ya Mai Mahiu–Narok, picha za korongo lililofunguka karibu na Suswa zilizunguka dunia nzima na maelezo ya mkato: Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengine wakapinga. Kwao, maji yalikuwa yamechimba majivu laini ya volkano yanayofunika sakafu ya Bonde la Ufa.

Waliosema Afrika inagawanyika hawakubuni. GPS imethibitisha kwamba bamba la Somalia, kipande cha ganda la dunia upande wa mashariki, linajitenga na la Nubia, linalobeba sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki. Tatizo ni kasi: hapa Kenya ni milimita chache kwa mwaka, na kwa mwendo huo pengo la mita 15 lingechukua maelfu ya miaka. Ardhi huweza pia kufyatuka ghafla, lakini ikifanya hivyo huacha ushahidi. Julai 2007, karibu na Ziwa Natron, Tanzania, matetemeko yalifika ukubwa wa 5.9 na kusikika hadi Nairobi. Rada za setilaiti zilionyesha miamba ikiteleza polepole kwenye ufa, kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikijipenyeza chini. Suswa haikuonyesha dalili za namna hiyo, ndiyo maana naegemea upande wa maji.

Hata hivyo, kusema kwamba yaliyo chini hayahusiki kabisa ni kuvuka mpaka. Maji yanayozama hufuata nyufa za kale zilizofukiwa, na volkano za hapo hazijalala: kati ya 2004 na 2006 rada iliona Longonot ikiinuka kwa takriban sentimita 9, bila mkazi kuhisi lolote.

Vipimo navyo vina mipaka. Rada hulinganisha picha za eneo moja, na udongo ukishasombwa hakuna cha kulinganisha, tena pale pale penye ufa. Maji ya ardhini hudanganya pia. Katika bonde la Santa Ana, karibu na Los Angeles, kuvuta na kurudisha maji huinua na kushusha ardhi milimita 55 kila mwaka, wakati mgandamizo wa miamba ukivuka Los Angeles ni milimita 4.4 tu.

Jambo hili linanikera kwa sababu tiba zinatofautiana. Mmomonyoko hutibiwa kwa mitaro na kalvati. Ufa unaoteleza hudai njia ihamishwe. Tangu 2019 reli ya SGR nayo inapita Suswa. Vituo vya kudumu vya GPS viwekwe pande zote mbili za nyufa zinazojulikana, na kina cha maji visimani kiandikwe sambamba, kabla ya masika mengine makubwa.