Strigula: jina moja au sita?

Chuma jani la mwembe mkongwe pale Malimbe, Mwanza, la matawi ya chini yanayopata kivuli na unyevu wa ziwa. Ukibahatika utakuta madoa ya kijani kilichopauka, yamebandika kama stempu, na juu yake vijinukta vyeusi mithili ya pilipili manga. Mwenye mti atasema ni ugonjwa. Mtaalamu atasema ni Strigula, aina ya kuvumwani, yaani kuvu na mwani wakiishi pamoja. Mimi siwezi kumcheka mwenye mti: mwani huo, Cephaleuros, hukaa chini ya utando wa jani, na ukiwa peke yake ndio unaoleta madoa ya rangi ya kutu kwenye miembe, mipera na chai.

Ubishi wenyewe ni wa jina. Mwaka 1823 Elias Fries, mtaalamu wa kuvu wa Sweden, aliliita kundi hili Strigula, na baadaye jina likageuka kapu la kila kitu. Mwaka 2020 watafiti wa China pamoja na Mjerumani Robert Lücking walipima DNA, wakaligawa kapu. Baadhi wakabaki Strigula, wengine wakaenda Phylloporis, Puiggariella, Raciborskiella, Racoplaca na Serusiauxiella.

Wanaolalamika wana haki yao. Mwanafunzi mwenye lenzi ya mkono tu, asiye na maabara ya DNA, amezoea jina moja. Sasa anatakiwa kujua sita. Lebo za makumbusho nazo zinapitwa na wakati bila sampuli yenyewe kubadilika hata kidogo.

Lakini tazama majina hayo. Serusiauxiella pekee ndilo jipya. Manne mengine yalikuwapo tangu zamani, yakamezwa na Strigula, DNA ikayafufua. Maana yake ni kwamba wazee waliokuwa na hadubini tu walishaona tofauti. Racoplaca, kwa mfano, ni nyembamba, inang'aa kama bati, na imezungushiwa mstari mweusi pembeni. Hiyo hata lenzi ya bei rahisi inaionyesha. Kwa hiyo kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye ukaribu, niko upande wa waliogawa.

Ninapositia ni ngazi ya spishi. Utafiti uleule ulitaja spishi mpya kadhaa, na watafiti wenyewe wakazungumzia spishi zilizojificha, zinazofanana machoni ila zimetengana kwenye DNA. Hapo lenzi yangu ya Malimbe haina la kusema, na kwenye bahasha ya jani naandika jina la jenasi tu, "Strigula", basi.