Watoto wa darasa la tano wasiopandisha mkono

Ingia darasa lolote la skuli ya msingi hapa Pemba, utawakuta watoto wanne au watano wanaolijibia darasa zima. Swali halijesha, mikono iko juu, "mimi maalim, mimi maalim!", na mmoja keshalitoa jibu. Waliobaki kazi yao kuitikia. Mwalimu anajaza kwenye andalio lake kwamba somo limeeleweka, na kengele inalia.

Hao wanaoitikia ndio wanaonifanya niutetee ubao wa majadiliano wa kwenye kompyuta, kitu ambacho walimu wenzangu wengi wanakiona ni anasa ya skuli za kulipia. Wenyewe hauna makubwa. Mwalimu anaandika swali, kila mtoto anaandika jibu kwa nafasi yake, anasoma ya wenziwe, kisha anamjibu mmoja au wawili.

Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichapisha aliyoyapata kwa kusikiliza kanda za vipindi vya sayansi vya skuli za msingi. Walimu wakishauliza swali walikuwa wakisubiri kiasi cha sekunde moja tu, kisha wanamrukia mtoto mwengine au wanajibu wenyewe. Walipojizuia hadi sekunde tatu, majibu yalirefuka, na watoto waliohesabiwa wazito wakaanza kujitokeza. Sasa chukua darasa letu lililojaa hadi mlangoni: sekunde tatu hizo nani atakupa? Ubao unampa mtoto siku nzima, na hakuna wa kumcheka akisita.

Msimu wa mchumo niliweka swali hili: kwa nini karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka? Mvulana mmoja akaandika, "Babu anasema ikishachanua haina bei." Mimi ningeridhika na jibu hilo. Chini yake akaja msichana ambaye sauti yake naijua kwa "naam maalim" tu: "Kwa nini haina bei? Harufu inakwenda wapi?" Kesho yake mwengine akajibu kwamba ameitumbua kwa ukucha iliyofumba ikatoa mafuta, ya kuchanua mafuta yake kidogo. Nimefundisha mada ya mimea miaka mingi, na sikuwahi kuwaona wakitafuta ushahidi bila ya kutumwa.

Liko na jambo jengine ambalo wanaoandika habari za ubao huu huko ng'ambo hawana sababu ya kulifikiria. Skuli zetu nyingi zimezoea mikondo miwili. Mtoto wa asubuhi na mtoto wa mchana wanakalia dawati moja, wanasoma kitabu kimoja, na hawajuani. Kwenye ubao wanaweza kubishana. Wa mchana anakuta swali la wa asubuhi linamsubiri.

Naambiwa, mbona kundi la WhatsApp la wazazi lipo, si litumike hilo? Hapana, na hapa sitaki suluhu. Simu ni ya baba, na baba yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi. Ikibaki nyumbani, anayejibu ni kaka wa sekondari. Mtoto mwenyewe jioni yuko chuoni anasoma Qur'ani, akirudi ni chakula na kulala. Jibu lake likifika, linazama chini ya salamu za Ijumaa, tangazo la mchango na video ya daktari asiyejulikana. Isitoshe, WhatsApp wenyewe wameweka umri wa kuanzia miaka 13, na watoto wa darasa la tano wengi hawajaufika.

Ubao ukae skuli, ndani ya saa za skuli. Moodle, kwa mfano, ni programu ya bure yenye ubao wa aina hii, iliyotoka mwaka 2002, kazi ya Martin Dougiamas wa Australia, ambaye utotoni alisomeshwa kwa redio ya masafa mafupi kwa kuwa kwao jangwani hakukuwa na skuli karibu. Inawekwa kwenye kompyuta moja, nyengine zinaunganishwa nayo kwa ruta, bila ya bando na bila ya mgeni yeyote kupita. Umeme ukikatika, ndiyo, tunarudi kwenye karatasi za manila ukutani, na skuli isiyo na kompyuta ianze na hizo hizo.

Kuhusu uchapaji wa kidole kimoja, waweke wawili kwa kibodi moja. Watabishana kabla ya kuandika, na hilo ndilo tunalolitaka.

Lugha iwe yao. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilileta Kiingereza kwenye hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano, na wengi tuliona watoto wakinyamaza zaidi. Ukiwalazimisha Kiingereza kwenye ubao utapata "yes" na "I agree" mpaka uchoke. Mimi hata Kipemba nakiacha kipite. Imla ina kipindi chake.

Kilichonishinda kuwashawishi wenzangu ni alama. Mkuu anataka alama, mzazi anataka alama, na mkaguzi akija ataziuliza. Mimi sitoi alama. Nasoma yote kabla hayajaonekana, naondoa matusi, pengine naongeza swali dogo chini ya jibu la mtoto. Siku utakayotia kumi juu ya jibu moja, darasa zima litalinakili hilo kama lilivyo, na wale wanne watano watakuwa wamerudi tena mbele.