Maisha ya Kawaida Yapigwa Marufuku Nyumbani Kwangu

Mgeni hana kosa. Hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu kabla sijaanza kulalamika, maana najua wapo wajumbe wa kamati ya mapokezi watakaosoma hapa wakaanza kunong'ona kwamba nimemsema vibaya mtumishi wa Mungu. Mtumishi ni mtu safi. Ametoka kwao Ujerumani na begi moja la mgongoni, Kiswahili kajifunza huko huko kwao, na aliandika mapema kwamba hoteli hataki. Anaomba alale kwa muumini wa kawaida, aone maisha ya kawaida. Barua iliposomwa kanisani, shingo zote zikanigeukia mimi. Ndiyo siku niliyojua kwamba katika usharika mzima hakuna mtu wa kawaida kunizidi.

Mama watoto alifurahi. Mimi nikapiga hesabu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwa na kamati.

Kamati ilikuja kukagua. Mimi naishi Mabatini, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, ambako ndoo ikikuponyoka unaifuata kwa jirani wa tatu. Wakapanda, wakahema, wakakaa, wakanywa soda zangu, kisha wakatoa hukumu. Kochi halifai. Pazia halifai. Choo ndiyo kabisa.

"Mzee mwenzangu," mwenyekiti akaniambia, "mgeni hawezi kuona haya."

Nikamkumbusha kwamba barua imesema maisha ya kawaida, na haya ndiyo yenyewe. Akanitazama kwa huruma.

"Kawaida ndiyo. Lakini siyo hii."

Wiki haikuisha, nyumba yangu ikawa ya mtu mwingine. Makochi yakaja kutoka kwa mweka hazina, friji kutoka kwa mama mmoja wa kwaya, na zulia sijui la nani, ila lilikuwa limeungua umbo la pasi, ikabidi meza ikae palepale. Ukuta ulipakwa rangi upande unaoonekana ukiingia. Upande wa nyuma uliachwa na hali yake. Picha ya marehemu baba ikashushwa, msumari wake ukapewa saa yenye maporomoko ya maji yanayotembea ukiweka betri. Watoto wakafundishwa kusalimia kwa Kiingereza. Nikauliza, Mjerumani anayejua Kiswahili anasalimiwa kwa Kiingereza kwa sababu gani? Nikaambiwa nisiwe na roho ya kupinga.

Sasa hicho choo. Fundi alikuja akapasua sakafu, akaweka cha kukaa, cheupe, kina kitufe cha kuflashi. Kizuri, sikatai. Ila kitufe kile kinataka maji. Asiyeijua Mwanza atasema, maji si mnayo? Tunayo sana. Nikitoka barazani naliona Ziwa Victoria, la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi, zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Kenya wanachota, Uganda wanachota, Mto Nile unayabeba unayapeleka hadi Misri kule jangwani. Bombani kwangu kunatoka upepo. Msukuma anayelala akiliona ziwa ananunua maji kwa dumu, na kijana anayeyapandisha ana bei mbili: bei ya maji na bei ya mlima. Kile choo kikimeza mara moja tu, kimekunywa maji ambayo mimi na mama watoto tungeoga na yakabaki ya kudeki. Usiku nilikuwa nasikia mgeni anabonyeza kitufe, nafumba macho.

Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, alikikagua akatoka. "Mimi nikae juu ya kikombe?" Tangu hapo akawa anakwenda cha shimo kwa jirani, na jirani naye ameanza kutaja habari ya kuchangia.

Mtaani nako habari zikasambaa. Mama watoto akienda gengeni, fungu la nyanya la mia tano limekuwa elfu moja. Akiuliza, anajibiwa, "Dada, si mna mzungu?" Bodaboda wa kijiweni ananipandishia bei hata nikiwa peke yangu, eti nina harufu ya dola, wakati Ujerumani wanatumia yuro, hata hilo hajui. Mwenye duka akanifuata na daftari lake la madeni hadi getini. Nikamwambia huyu mzungu hanipi hela, amekuja kuona maisha. Akasema, "Basi na mimi aone ninavyoishi na wateja wa aina yako."

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kumwandika mgeni kwenye daftari la wageni. Hiyo ni haki yake, mgeni lazima aandikwe. Ila uandikishaji ule ulikuwa hauishi. Kila mchana, mwiko ukigusa sufuria la wali, anatokea, kumbe kuna tarakimu ya pasipoti haikuandikwa vizuri.

Maana ulikuwa wali, ndugu zangu. Wali, pilau, chipsi, kuku, soseji zilizonunuliwa kule mjini zikapandishwa mlima na mjumbe maalumu. Kamati ilitoa ratiba ya chakula, imepigwa chapa na ina muhuri. Ugali hairuhusiwi. Dagaa hairuhusiwi. Mapanki usithubutu hata kutaja. Kwa asiyetoka kanda ya ziwa: sangara akishanyofolewa minofu kiwandani, kinachobaki ni kichwa na mgongo, hayo ndiyo mapanki, na ndiyo yamesomesha watoto wa wengi hapa. Siku moja mezani mgeni akasema kule kwao minofu ya samaki huyu inauzwa dukani, yeye huinunua. Nikatulia na kijiko changu. Mtu wa Ujerumani anaujua mnofu wa sangara wa Mwanza, mwanangu aliyezaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, anaujua mfupa. Na sangara mwenyewe si mwenyeji hapa. Aliletwa miaka ya 1950, enzi za Waingereza, akawatafuna furu, visamaki wetu wa asili, spishi kwa spishi, akanenepa, sasa anapanda ndege. Huyo ndiye mgeni wa kuandikiwa barua ya malalamiko.

Wiki ilipofika katikati mgeni akaanza kupotea. Saa ya chai kamati ipo sebuleni imejipanga kwenye makochi ya watu, pilau inapoa, mgeni hayupo. Tukamtafuta chumbani, hayupo. Mwenyekiti wa kamati jasho likamtoka, akaanza kutaja ubalozi. Mtoto wangu mdogo ndiye aliyetuonyesha: nyuma ya nyumba, upande usiopakwa rangi, mgeni amekaa kwenye kigoda na mama yangu wana ungo katikati yao. Wanachambua dagaa. Mama anatoa mchanga na vijiwe, mgeni anamwiga, kila dagaa anamshika kwa vidole viwili, anamgeuza, anamkagua macho, anamweka pembeni. Kwa mwendo ule kilo moja ingeisha Pasaka. Kando yao kuna bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, imechemshwa na karanga, limebaki robo. Mama amemfundisha salamu, naye kila anayetokeza kwenye kona anamwambia "Mwangaluka!" ingawa jua limeshapinduka na ilitakiwa aseme "Mwadila". Mama hamrekebishi, anacheka mpaka khanga inamdondoka.

Mwenyekiti akanivuta pembeni. "Nani amemruhusu bibi kumlisha michembe?"

Bibi ana miaka mingi kuliko kanisa lenyewe, nani wa kumruhusu?

Basi ikaamuliwa mgeni atembezwe, asikae nyumbani akazoea. Kwanza wakampeleka Jiwe la Bismarck. Kamati ilikuwa na uhakika kwamba Mjerumani akiona jiwe lenye jina la kansela wao atatokwa na machozi. Wakamsimamisha, mjumbe mmoja akamweleza habari za utawala wa Kijerumani uliokoma hapa Mwanza mwaka 1916, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Mgeni akaitikia kwa adabu, uso umemwiva. Kisha akaligeuzia jiwe mgongo, akaanza kumpiga picha kijana anayeosha bodaboda ziwani. Picha nyingi. Katibu alijaribu kumsogeza kijana yule atoke kwenye picha, mgeni akamsogeza katibu.

Wakampeleka kwenye daraja la Kigongo na Busisi. Hapo kwa kweli hata mimi nilivimba kifua. Kilomita tatu juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, sisi tuliokuwa tunapanga foleni ya kivuko na maiti kwenye gari ndio tunaolijua thamani yake. Tukavuka kwa dakika chache. Tulipofika ng'ambo mgeni akauliza, "Na wale akina mama wa samaki wa kukaanga pale kivukoni, wako wapi?" Rafiki yake aliyepita zamani alimsimulia. Kamati ikakosa jibu, ikamwonyesha daraja tena.

Mwaloni Kirumba ilibidi nimpeleke mwenyewe kwa siri, tukapanda daladala, goti lake likakaa mbavuni mwa konda. Alipoona magunia ya dagaa na wanunuzi waliotoka Kongo wanabishana bei, alisimama pale nusu saa, mkono puani, anatabasamu. Huko ndiko pekee hakuna aliyekuwa na muda naye. Kuli mmoja alimpigia kelele apishe gunia, akapisha, akaniambia hiyo ndiyo salamu aliyoipenda kuliko zote. Wazungu bwana.

Jumapili ndiyo sitaisahau. Kwaya kuu iliimba nyimbo nne, vijana wakasema hawawezi kuimba pungufu ya hizo, akina mama wakaingia na sare mpya ambazo nilizichangia, na watoto wa Sande skuli nao wakatunga wao. Kila wimbo una jina la mgeni, kila kwaya inalitamka inavyojua. Alipopewa mimbari jua lilikuwa utosini, akahubiri kidogo tu, mtu mwenye huruma.

Halafu mnada. Huku kwetu asiye na fedha huleta sadaka ya alichonacho, papai, mua, trei la mayai, kuku, na ibada ikiisha vinanadiwa nje. Mgeni akaona mtu ananunua yai moja kwa elfu tano, analirudisha, linanadiwa tena, mwingine analichukua kwa elfu nane, naye analirudisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini lile yai lina nini. Nikamwambia limeshapita kwa walimu wawili na fundi ujenzi na bado ni bichi. Akapenda. Akaingia mnadani na yeye, akanunua jogoo kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu kuna watu wagonjwa wa moyo. Tukamngoja amrudishe anadiwe tena. Hakumrudisha. Akamkumbatia, akaja naye kwangu.

Mama watoto akatafuta kisu. Mgeni akasema hapana, huyu ni rafiki, na ameshampa jina: Speke. Alikuwa amesoma kwamba yule Mwingereza alifika Mwanza mwaka 1858, akalitazama ziwa, palepale akalipa jina la malkia wake, na watu wapo wamekaa ufukweni wanavua. "Na huyu amefika leo," mgeni akasema, "tayari anawika juu ya meza yako." Hapo nilicheka kweli. Sikucheka saa tisa usiku, Speke alipoanza kazi chini ya dirisha langu na mbwa wa Mabatini yote wakamjibu.

Mgeni kaondoka. Makochi yamerudi kwa mweka hazina, mguu mmoja umelegea, nimeandikiwa mimi. Friji imerudi. Zulia mwenyewe hajajitokeza, nadhani anaionea haya ile pasi. Mama amerudi kupika ugali wake hadharani. Nyanya ndizo hazijarudi mia tano.

Kamati imekaa kikao cha tathmini, ikajipongeza, halafu ikaniomba niwasilishe risiti za matumizi ndipo nirudishiwe hela. Risiti ya madumu ya maji! Risiti ya mlima! Yule kijana wa ndoo anatembea na mashine ya risiti wapi, kwenye kata? Nimeuliza na habari ya Speke, kwa sababu mgeni anapiga simu ya video kila Jumamosi kumwona, kwa hiyo kuliwa haliwi, na pumba imepanda. Mweka hazina akasema kwa kuwa mgeni hakumkabidhi mtu kwa maandishi, jogoo ni mali ya kanisa, ataingizwa kwenye orodha ya mali pamoja na kinanda na viti vya plastiki. Nikasema sawa, basi mje mmchukue. Wakasema kwa sasa abaki hapo alipo.

Kuhusu nani analipa pumba, wamesema litajadiliwa kikao kijacho. Kikao chenyewe kitafanyika kwangu. Vyote sasa vitafanyika kwangu, wameshapitisha, maana kati ya wajumbe wote hakuna mwingine mwenye choo cha kukaa. Maji nitoe mimi.