Upepo wa baharini si kisima cha mafuta

Agosti 2025 Ujerumani ilifunga zabuni ya maeneo mawili ya Bahari ya Kaskazini, yenye nafasi ya mitambo ya upepo ya takriban megawati 2,500. Haikujitokeza kampuni hata moja. Miaka miwili kabla ya hapo, kampuni za mafuta za BP na TotalEnergies zilikuwa zimekubali kuilipa serikali hiyo hiyo euro bilioni 12.6 kwa haki ya kujenga megawati 7,000. Upepo haukupungua katika miaka hiyo miwili. Hesabu ndizo zilizogeuka, na namna zilivyogeuka inafaa kutazamwa na kila nchi yenye pwani inayoota kuufanya upepo wa bahari kuwa rasilimali ya taifa.

Kwa maoni yangu rasilimali hii ni ya kweli na inastahili kuendelezwa. Kosa ni kuishika kama mafuta: kupima eneo, kulinadi, kuweka fedha hazina, kisha kungoja.

Ubora wake hauna ubishi mkubwa. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo huongezeka mara nane, na baharini hakuna mlima, msitu wala jengo la kuuvunja. Ndiyo maana mtambo wa baharini kwa kawaida huzalisha kati ya asilimia 40 na 50 ya uwezo wake ukichukua wastani wa mwaka mzima. Hywind Scotland, mitambo mitano inayoelea iliyoanza kazi mwaka 2017, ilifikisha wastani wa asilimia 54 katika miaka yake mitano ya kwanza. Ukubwa nao umepaa. Shamba la kwanza la upepo baharini, Vindeby la Denmark, lilianza mwaka 1991 likiwa na mitambo 11 na jumla ya megawati tano hivi. Leo mtambo mmoja tu unaweza kufikia megawati 15, wenye mapanga yanayochora duara lenye kipenyo cha mita 236. Hornsea 2 ya Uingereza, iliyokamilika mwaka 2022 kilomita 89 kutoka pwani ya Yorkshire, ina mitambo 165 na uwezo wa takriban megawati 1,300. Hicho ni kiwango cha kituo kikubwa cha umeme.

Lakini pipa la mafuta hupakiwa melini likauzwa popote penye mnunuzi, na bei ikianguka nchi inaweza kuyaacha ardhini. Upepo wa leo usipovunwa leo umekwenda, na umeme wake hufika pale tu kebo inapofika. Tena mashamba yote ya ukanda mmoja hupata upepo saa zile zile, hivyo yanapozalisha sana kwa pamoja bei ya umeme sokoni huporomoka. Kadiri nchi inavyojenga zaidi, ndivyo kila megawati mpya inavyojipunguzia mapato. Kitendawili hiki hakimsumbui mchimba mafuta kwa namna hiyo, na ndicho kilichowatia hofu wawekezaji.

Kuna na suala la riba. Kituo cha umeme wa gesi hununua gesi yake kadiri kinavyofanya kazi. Shamba la upepo hulipiwa karibu lote kabla halijatoa yuniti moja ya umeme: nguzo, mitambo, kebo, meli za kupandishia, vingi kwa fedha za mkopo. Riba zilipopanda baada ya mwaka 2021, na chuma nacho kikapanda, miradi iliyokuwa imeahidi bei za chini ilikwama. Julai 2023 kampuni ya umeme ya Uswidi, Vattenfall, ilisimamisha mradi wake wa Norfolk Boreas nchini Uingereza ikisema gharama zimepanda hadi asilimia 40. Miezi miwili baadaye mnada wa Uingereza haukupata hata mradi mmoja wa upepo wa baharini, kwa sababu serikali ilikuwa imeweka kikomo cha bei ambayo mzalishaji angehakikishiwa: pauni 44 kwa kila megawati-saa (yuniti 1,000 za umeme), kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012. Kwa mnada wa mwaka uliofuata kikomo kikapandishwa hadi pauni 73, na wajenzi wakarudi.

Hapa wapinzani wana hoja nzito. Ikiwa serikali ndiyo inayomhakikishia mwekezaji bei, rasilimali iko wapi? Si mwananchi tu anayelipa? Swali hili lijibiwe kwa uzito wake. Mkataba wa bei wa Uingereza hukata pande mbili: bei ya soko ikishuka chini ya ile iliyokubaliwa, mzalishaji hufidiwa, ikipanda juu, mzalishaji hurudisha ziada. Gesi ilipopanda sana baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, fedha kweli zilirudi kutoka kwa wazalishaji. Kwa hiyo mkataba huu ni kinga kwa mnunuzi kama ulivyo kwa muuzaji. Hata hivyo, baadhi ya miradi iliyokuwa imekamilika ilichelewesha kuanza kwa mikataba yake ili iendelee kuuza kwa bei nono ya soko, na sheria iliruhusu. Huo ni mwanya ulioachwa na walioandika mkataba, na nchi inayoanza sasa haina udhuru wa kuurudia.

Hoja ya umeme kupatikana wakati wote nayo haikimbiliki. Desemba 2024 upepo ulikatika Ujerumani siku za baridi na mawingu, na bei ya umeme kwa baadhi ya saa ikapita euro 900 kwa megawati-saa. Betri zinazotoa umeme kwa saa nne hazivuki wiki ya namna hiyo. Zinahitajika njia za umeme kwenda nchi jirani, mabwawa, au vituo vya akiba, na gharama hizo mara nyingi hazimo katika bei inayotangazwa kwa shangwe siku ya mnada. Naiona kuwa kasoro ya uaminifu: mwananchi aambiwe bei ya umeme uliomfikia nyumbani, si bei ya umeme mlangoni pa mtambo.

Wanaonigusa zaidi ni wavuvi. Nyavu za kukokota hazipiti salama katikati ya nguzo na kebo, na katika maji ya baadhi ya nchi meli za uvuvi haziruhusiwi kabisa kuingia ndani ya shamba. Ni kweli kome na samaki hujikusanya kwenye misingi ya nguzo, na eneo lisilokokotwa hupumzika. Samaki wa mle ndani hamsaidii aliyezuiwa kuingia. Kelele za kugongelea nguzo huwafukuza pomboo wadogo wa bandarini; Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 umbali wa mita 750, na wajenzi huzungushia eneo pazia la mapovu ili kuzima sauti. Madhara hayo yana dawa inayopimika. Kwa ndege wa baharini sina utulivu huo, maana vifo vyao ni vigumu kuhesabu pale mzoga unapozama.

Katika zile euro bilioni 12.6, Ujerumani ilitenga asilimia tano kwa hifadhi ya bahari na asilimia tano kwa uvuvi usioharibu mazingira. Wazo ni zuri, na sehemu hizo mbili zilipangwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja; asilimia 90 iliyobaki ndiyo iliyotawanywa kwa miaka 20 kuanzia mashamba yatakapounganishwa na gridi. Hivyo ndivyo inavyofaa, maana mvuvi hupoteza eneo lake siku nguzo ya kwanza inapogongwa.

Denmark, yenyewe mama wa teknolojia hii, ilipita njia ile ile. Mwaka 2021 mshindi wa zabuni ya shamba la Thor alikubali kuilipa serikali kroner bilioni 2.8. Desemba 2024 zabuni ya megawati 3,000 bila ruzuku haikupata mtu. Mwaka 2025 serikali ikarudi na ruzuku ya hadi kroner bilioni 55. Ningeshauri nchi inayoanza iziruke hatua hizo mbili za mwanzo, ya kudai malipo na ya kunyima ruzuku: ipime yenyewe sakafu ya bahari na upepo, ijenge kebo hadi ufukweni kabla ya kuita wajenzi, iwakalishe wavuvi mezani ramani ikiwa bado ya penseli, halafu ndipo inadi mkataba wa bei unaokata pande mbili, usio na mlango wa nyuma. Hazina haitapokea hundi kubwa siku ya mnada, na waziri wa fedha atalalamika.